Wakusanyaji wa Maneno Adimu ya Pwani

Zamani, kabla ya kamusi yoyote ya Kiswahili kupigwa chapa, msomaji wa Amu au wa Mvita aliyekwama penye neno gumu la utenzi wa kale hakuwa na kitabu cha kukimbilia. Ilimlazimu kwenda kumwuliza mtu, na mtu huyo aghalabu alikuwa mwalimu wa chuoni, au kadhi, au bibi mzee aliyehifadhi tenzi kwa moyo tangu ujana wake, au nahodha aliyekwisha kuacha bahari, kwa kadiri neno lenyewe lilivyokuwa la dini, la ushairi au la chomboni. Haja hiyo haikutokana na uhaba wa elimu, maana pwani yetu ilijua kalamu tangu dahari, na maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yangali ushahidi. Ilitokana na khati yenyewe. Herufi za Kiarabu, kwa jinsi zilivyotumiwa na waandishi wetu wa kale, zilibeba sauti za Kiswahili kwa taabu: be moja ilisimama mahali pa b, p na mb, fe ikafaa kwa f na kwa v, ghaini ikachukuliwa kwa g, ng na ng', shini ikawa sh na mara nyingi ikawa ch, na irabu zetu tano zikabanwa katika alama tatu, hata i isipambanuke na e, wala u na o. Kwa hiyo mtu aliyelijua neno alilitambua mara alipolitupia jicho, na asiyelijua aliweza kulitamka kwa namna nne au tano asijue ipi ndiyo ya haki. Waraka peke yake haukutosha kulihifadhi neno adimu. Ulihitaji mtu hai wa kusimama kando yake.

Historia ninayoisimulia hapa ni ya watu waliojitwika kazi ya kuyatoa maneno hayo vinywani na kuyaweka katika karatasi kwa namna ambayo msomaji aliye mbali, asiye na mzee wa kumwuliza, ataweza kuyafahamu. Na ni haki nitaje mapema kipimo nitakachowapimia. Sikisifu kitabu cha maneno kwa wingi wa maneno yake, bali nakiuliza kama chaniambia neno hili lilisemwa wapi, na nani, na juu ya kitu gani. Neno adimu lililoandikwa bila ya mahali pake limefanana na mgeni aliyeingia mjini asiyeweza kutaja kwao: hapana atakayemfukuza, walakini hapana atakayejua amkalishe wapi.

Wa kwanza kwa wakati ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyezaliwa mwaka 1810, ambaye baada ya kukaa Uhabeshi miaka kadhaa na kufungiwa njia ya huko, aliteremka Unguja mapema katika mwaka 1844, akapokewa kwa hisani na Sayyid Said bin Sultan, akapewa barua ya kumjulisha kwa maliwali wa pwani, na mwezi wa Mei akahamia Mombasa. Hazikupita siku nyingi homa ikaingia nyumbani mwake. Mwezi wa Julai mkewe, Rosine, alifariki, na mtoto wao mchanga akamfuata, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Mtu mwingine angalirudi kwao, na wala hapana ambaye angalimlaumu. Krapf alibaki, na kazi ya lugha, ambayo alikwisha kuianza kwa msaada wa kadhi wa Mombasa alipojaribu kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, akaishika kwa bidii ya mtu asiyekuwa tena na kitu kingine cha kumshughulisha.

Inafaa tukumbuke ni mji gani aliouingia. Dola ya Mazrui ilikuwa imeanguka mwaka 1837, miaka 7 tu kabla yake, na Muyaka bin Haji, mshairi wa dola ile, alikuwa amefariki yapata mwaka 1840, hata mashairi yake yangali yakisemwa barazani na watu waliomjua kwa sura na sauti. Krapf, ambaye masikio yake yalikuwa yakitafuta maneno ya kuihubiri Injili, alitembea katikati ya hazina ile bila ya kuwa na sababu ya kuiangalia sana. Hata hivyo aliona kwamba kulikuwa na Kiswahili kingine, cha kale, nyuma ya kile cha sokoni, na hati za mkono za utenzi wa Herekali alizozipata akazipeleka Ujerumani, zikawekwa katika maktaba ya Halle mwaka 1854. Kwa tendo hilo moja alifungua mlango ambao yeye mwenyewe hakuuingia.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfuata, wakapanda pamoja mpaka Rabai, na huko, baina ya Wanyika na misafara ya Wakamba, Krapf akafahamu kwamba Kiswahili hakiwezi kuelezwa peke yake. Kitabu chake cha sarufi kilitoka Tübingen mwaka 1850, na mwaka huo huo kikatoka pia kitabu cha maneno ya lugha 6, yaani Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigala, yamepangwa sambamba. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kuondoka. Kamusi yake aliendelea kuisafisha kwa miaka mingi huko Korntal, akafariki mwezi wa Novemba 1881, na kitabu kikatoka London mwaka 1882, yeye akiwa kaburini.

Kamusi hiyo ina ila zake, na waliokuja baadaye hawakuchoka kuzitaja. Tahajia yake ni nzito, maneno hayapatikani kwa urahisi mahali yanapotazamiwa, na Canon Binns alipotaka kuifanya itumike tena ilimbidi kuipanga upya, akaitoa mwaka 1925 katika sura nyingine. Mimi naona kwamba kile kilichohesabiwa kuwa ila ndicho fadhila yake, yaani Krapf hakuchagua. Aliandika neno la kadhi na neno la mchukuzi, neno la Mvita na neno aliloletewa na Mnyika sokoni, na penye neno lenye desturi nyuma yake aliisimulia desturi nzima, hata ukurasa wa kamusi ukageuka kuwa hadithi ya ndoa, au ya uganga, au ya kilimo. Penye shaka aliiacha shaka yake mbele ya msomaji. Mpangaji nadhifu angaliyafyeka yote hayo, nasi leo tungalibaki na orodha safi ya maneno yasiyo na habari.

Rebmann alikaa kuliko yeye. Hakuondoka pwani mpaka mwaka 1875, amekwisha kupofuka, akafariki mwaka uliofuata. Kutoka kwake tulipata kamusi ya Kinyasa, iliyochapwa mwaka 1877, ambayo maneno yake aliyapata kwa mtu aitwaye Salimini, aliyetolewa nchi ya Nyasa utumwani akafika Mombasa. Nalitaja jina hilo kwa makusudi, maana vitabu vya namna hii vina desturi ya kutaja jina la aliyeshika kalamu na kulisahau la aliyetoa neno. Na lugha nzima ya watu wa ziwani iliingia kitabuni kwa kinywa cha mtu mmoja aliyetekwa na kuuzwa, aliyeyakumbuka ya kwao yote.

Kwa Steere na Madan nitapita upesi, si kwa kuwadharau, bali kwa kuwa kusudi lao lilikuwa jingine. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akatoa kitabu chake cha mwongozo wa lugha na kitabu cha hadithi za Kiswahili katika mwaka mmoja, 1870, akafanywa askofu mwaka 1874, akafariki Unguja mwaka 1882, mwaka ule ule kamusi ya Krapf ilipotoka; na A. C. Madan baada yake akachapisha kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Ni kazi za watu wenye akili iliyonyooka, waliotaka mgeni apate kusema na kueleweka, nao walitimiza walilolitaka. Lakini kipimo chao kilikuwa Kiswahili cha mji wa Unguja, na neno la Amu au la Pate liliingia kwao kwa nadra. Hadithi za Steere, kwa upande wangu, zina manufaa makubwa zaidi kwa mtafutaji wa maneno kuliko mwongozo wake, maana humo neno limekaa katika kinywa cha msimulizi, likifanya kazi yake.

Habari ninayoipenda kuliko zote katika historia hii ni ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, mtu ambaye hakuandika kamusi. Alichokifanya ni kuyakusanya mashairi ya Muyaka. Nani asiyeijua huzuni ya kazi hiyo? Mashairi yale yalitungwa kwa vita na kwa biashara, kwa mapenzi na kwa ukame, kwa kumjibu adui wa Amu au wa Unguja, na kila moja lilisimama juu ya tukio ambalo watu wa siku zile walilijua bila ya kuambiwa. Matukio yalipopita, na waliohudhuria walipoanza kufa, maneno yaliyokuwa wazi kama mchana kwa baba yakageuka fumbo kwa mwana. Si kwa sababu neno limetoweka katika lugha, bali kwa sababu kilichokusudiwa nalo kimetoweka katika kumbukumbu. Huo ndio uadimu ulio mgumu kuliko wote, na hapana kamusi ya kawaida iwezayo kuutibu.

Sikujua aliutibu kwa njia ya wanavyuoni. Kama vile katika elimu ya fikihi matini hukaa katikati ya ukurasa na sharhi ikazunguka pembeni, ndivyo alivyoyaendea mashairi ya Muyaka: akawauliza wazee, akayaandika kwa khati ya Kiarabu, na pamoja na shairi akaandika sababu yake, yaani lilitungwa lini na juu ya nani, na akafasiri maneno yake yaliyokuwa yamefichika. Aliyepokea kazi hiyo kutoka mkononi mwake alikuwa William Ernest Taylor, Mwingereza aliyefika Mombasa mwaka 1880, mtu mwenye sikio ambalo wenzake wengi hawakujaliwa. Taylor alisikia, na akataka alama za kuandikia, tofauti ambazo Mmvita huzitia katika kila neno bila ya kujua kwamba anazitia: t ya menoni na t ya ufizini, p yenye pumzi na p isiyo pumzi, hata paa aliye mnyama wa mwituni asichanganyike na paa la nyumba. Kwa watu wa Unguja jambo hili laweza kuonekana la ziada. Kwa mashairi ya Mombasa ni la lazima, maana mshairi hucheza na tofauti hizo, na asiyezisikia hukosa nusu ya maana.

Hivyo walifanya kazi pamoja, mmoja akijua neno na sababu yake, mwingine akijua namna ya kuiandika sauti yake. Mwaka 1891 Taylor alitoa London kitabu cha mithali za Kiswahili, mamia kwa mamia, pamoja na maelezo. Sikujua hakukiona, alifariki mwaka 1890. Hati alizoziacha, pamoja na nakala za Taylor, hatima yake ziliingia katika maktaba ya chuo cha lugha za Mashariki na Afrika mjini London, Taylor naye akafariki mwaka 1927 bila ya kuutoa ushairi wa Muyaka kwa watu.

Wakati Sikujua alipokuwa akiwauliza wazee wa Mombasa, kijana mmoja wa Ufaransa alikuwa akiuliza maswali ya namna ile ile upande wa kusini. Padre Charles Sacleux alizaliwa mwaka 1856, mwaka mmoja na Taylor, akafika Unguja mwaka 1879 katika shirika la mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao misheni yao ya Bagamoyo ilikuwa imesimama tangu mwaka 1868. Alikaa Unguja na Bagamoyo mpaka mwaka 1898. Na huyu, kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni, ndiye mkusanyaji mkubwa kuliko wote.

Naamini siri ya ukubwa wake ni kwamba alikuwa mwanabotania kabla ya kuwa mwanakamusi. Aliyakusanya majani na maua ya pwani, akayapeleka Paris, na jamii moja ya mimea ikapewa jina lake, Sacleuxia, mwaka 1890. Sasa mtu anayekusanya mimea hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba jani lisiloandikwa mahali lilipochumwa halina thamani, hata likiwa zuri namna gani. Na adabu hiyo Sacleux aliihamishia katika maneno. Kila neno alilolipata alilitia alama ya kwao: hili ni la Kiunguja, hili la Kimvita, hili la Kiamu, la Kipate, la Kitikuu, la Kimrima, la Kimgao, la Kingazija. Penye mti alitaja jina la wenyeji na jina la wataalamu, hata msomaji asibaki na maelezo matupu kwamba ni namna ya mti. Penye neno la Kiarabu, la Kiajemi, la Kihindi au la Kireno alilifuata mpaka asili yake. Mwaka 1891 alitoa Unguja kamusi ya Kifaransa kwa Kiswahili, mwaka 1909 akatoa sarufi ya lahaja za Kiswahili, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa akaikalia muda mrefu kuliko umri wa watu wengi waliokuwa wakiingojea.

Kamusi ya namna hii ndiyo inayokufanya utambue jinsi watu wa pwani walivyogawanya vitu vyao kwa uangalifu. Mwenye shamba hana tunda moja la mnazi: ana kidaka, kilichotoka sasa hivi katika upunga, ana kitale, kilichokua lakini hakijafaa, ana dafu, lenye maji matamu na nyama laini, ana koroma, lililoacha udafu lisifike unazi, ana nazi yenyewe, ana mbata, iliyokaukia ndani ya kifuu, na fauka ya hayo ana joya, lililojaa nyama laini mahali pa maji, na kizimwe, kisicho maji wala nyama. Karara ni kiganda kinachofunika ua la mnazi, makumbi ni ya nje ya nazi, kifuu ni cha ndani. Na mwanamke jikoni anapokuna na kukamua, kasimele ndilo tui zito la kwanza, na chicha ndiyo inayobaki. Mtoto wa mjini aliyezoea kununua nazi moja moja sokoni atayapoteza maneno haya yote asijue kwamba alikuwa nayo.

Na bahari je? Foromali ni mti unaochukua tanga. Joshi ni upande wa tanga unaoelekea upepo, na demani ni kamba ya upande wa pili. Dasturi ni mti uliotokeza mbele ya chombo. Feuli ni mahali pa kuwekea vitu katika tezi. Ngama ni chini kabisa ndani ya chombo, ambako maji hukusanyika. Demani hiyo hiyo ni jina la msimu pia, kusi inapokwisha nguvu, na baina ya kusi na kaskazi kuna malelezi, wakati upepo usio na msimamo. Matlai hutoka mashariki, umande hutoka bara alfajiri. Maneno haya hayakuwa ya mapambo. Nahodha aliyekosea neno moja wakati wa kubisha aliweza kukipoteza chombo na roho zilizomo. Ndiyo maana yalihifadhika kwa ukamilifu muda wote vyombo vilipokuwa vikisafiri, na ndiyo maana yalianza kutoweka kwa haraka vyombo vilipopungua. Mtepe wa Watikuu na watu wa Amu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari, kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mafundi wake walipokwisha, majina ya sehemu zake yalibaki kwa wachache waliouliza mapema.

Katika mji ule ule wa Bagamoyo, au karibu yake, huko Dunda, alizaliwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye ndiye kalamu kuu ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Anayetaka kujua maneno ya unyago na ya ngoma, ya harusi na ya mazishi, ya pepo na ya waganga wa mrima, asiyatafute kwanza katika kamusi. Ayatafute humo, yamefungamana na mambo yenyewe, yamesemwa na mwenyeji kwa lugha yake.

Kisha ukaja wakati wa serikali. Skuli zilihitaji vitabu, vitabu vilihitaji lugha moja, na baada ya mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na ule wa Mombasa wa mwaka 1928, lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha skuli, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Sishiriki katika kuilaumu Kamati kwa yote. Bila ya kazi yake mtoto wa Tabora na mtoto wa Kisumu wasingesoma kitabu kimoja, na Johnson mwenyewe alikuwa na mapenzi ya kweli kwa lugha: mwaka 1935 alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, ambamo neno lilifasiriwa kwa mara ya kwanza bila ya kupitia lugha ya Kizungu kwanza. Walakini sharti la usanifu ni kukata, na kilichokatwa kilikuwa ndicho kile alichokihangaikia Sacleux. Tahajia mpya haikuwa na nafasi ya t mbili za Taylor. Neno la Kiamu lililoingia kamusini liliingia mara nyingi likiwa na alama ya kwamba ni la mashairi tu, ilhali huko Amu ni neno la jikoni na la barazani, lasemwa na watoto.

Johnson alifariki mwaka 1937. Kamusi yake ya Kiswahili Sanifu, iliyojengwa juu ya msingi wa Madan, ilitoka mwaka 1939. Na katika mwaka huo huo, Paris, ilianza kutoka kamusi ya Sacleux, zaidi ya kurasa 1,100, miaka 60 tangu mwandishi wake alipotia mguu Unguja. Hapana miaka miwili katika historia ya lugha yetu iliyozaa kama huo na uliofuata. Mwaka 1939 William Hichens alitoa London utenzi wa Al-Inkishafi pamoja na maelezo ya maneno yake, na mwaka 1940 akatoa Johannesburg diwani ya Muyaka, kutoka katika nakala za Taylor na, nyuma ya Taylor, kutoka katika kalamu ya Sikujua. Lakini vita vilikuwa vimewaka, na Paris ilipochukuliwa na Wajerumani nani alikuwa na nafasi ya kuagiza kamusi ya Kiswahili? Sehemu ya mwisho ya kitabu cha Sacleux ilitoka mwaka 1941. Yeye alifariki mwaka 1943, na wasomaji ambao kazi ile iliwahusu zaidi, watu wa Amu, Mvita na Ngazija, hawakuwa nayo mikononi, wala wengi wao hawakukijua Kifaransa.

Nyuma ya Hichens pia alikuwako mtu. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Amu, aliyezaliwa katika miaka ya 1850, alikuwa mshairi, fundi wa nakshi za milango, mpiga kinanda, na mwenye khati ambayo hata leo, katika hati zake zilizohifadhiwa London na Ujerumani, huvuta macho ya asiyejua kuisoma. Alimwandikia Hichens, na kabla yake Bibi Alice Werner, na Ernst Dammann alipokuja Amu mwaka 1936 akamfanyia kazi yeye pia, akiwanakilia tenzi za kale na kuwafafanulia maneno ambayo wao, pamoja na elimu yao yote, wasingeyapata katika kitabu chochote. Mombasa, Sheikh Mbarak Ali Hinawy alikuwa akifanya khidma kama hiyo, akikusanya hati na kuwasaidia watafiti kwa ukarimu. Hao walitoa, na waliopokea walichapisha. Na ni wajibu wa kila anayevifungua vitabu vile kutafuta, katika dibaji na pambizoni, majina ya waliotoa.

Kijumwa alifariki mwaka 1945. Kamati ilihama kutoka mji hata mji, Nairobi, Makerere, Mombasa, mpaka ilipotua katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964 na kuwa taasisi, ambayo mwaka 1981 ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya Kiswahili kwa Kiswahili. Na miaka 2 kabla ya hiyo, Nairobi, mwana wa pwani Mohamed Hassan Abdulaziz, aliyekwenda London akazisoma karatasi za Taylor moja baada ya moja, alitoa kitabu juu ya Muyaka ambacho ndani yake mashairi yamefuatana tena na maelezo ya sababu zake. Msomaji wa Mombasa aliyekinunua kitabu hicho mwaka 1979 aliweza kujua ni nani aliyeambiwa nini, katika vita gani, na neno fulani lilikusudiwa chombo gani au mtu gani, kwa sababu Mwalimu Sikujua alikwenda kuwauliza wazee wangali hai.